UZI: Losheni ya mwili ya kuondoa ngozi mfu na kurudisha nuru bila kujichubua (fomula na maelezo yote)

Fundi_Losheni

Habari za humu wakuu.

Uzi huu ni wa wale wanaotengeneza, au wanaotaka kuanza kutengeneza, losheni ya mwili inayoondoa seli zilizokufa taratibu na kurudisha nuru ya ngozi. Maswali ya jambo hili yanakuja PM kila siku, na majibu yanayozunguka mitandaoni yananiumiza. Binti anaambiwa achanganye limao, bekingi soda, dawa ya meno na krimu ya tyubu kutoka duka la dawa, apake usiku kucha. Bora niandike yote sehemu moja.

Nianze na msimamo wangu ili kila mtu ajue mapema kama uzi unamfaa. Ngozi nyeusi ukiichoma hujibu kwa weusi. Chunusi iliyominywa, wembe butu, mbu, mkwaruzo wa dodoki gumu, asidi kali: vyote vinaacha doa, kwa sababu seli zinazotengeneza rangi huchangamka kila ngozi inapovimba. Mtu anapaka kitu kinachowasha akidhani kinafanya kazi, kumbe anajitengenezea madoa ya miezi sita ijayo. Kwa hiyo upole kwenye losheni ya aina hii ndiyo dawa yenyewe. Kama unatafuta kubadilisha rangi uliyozaliwa nayo, fomula hii haitakusaidia na sitakuelekeza inayoweza.

Tunachotaka ni hiki: viwiko na magoti yaliyokakamaa yalainike, vipele vidogo vigumu vya mikononi na mapajani vipungue, madoa ya chunusi za mgongoni na ya kunyolea yafifie, na ule ukungu wa kijivu wa ngozi kavu uondoke.

Nguzo ya kwanza ni asidi ya laktiki, ile ile inayochachusha maziwa ya mgando. Inalegeza gundi inayoshikanisha seli zilizokufa juu ya ngozi, zinadondoka zenyewe bila kusugua. Nimeichagua kuliko ya glaikoliki kwa sababu molekuli yake ni kubwa kidogo, inaingia taratibu zaidi, na pia inavuta maji kwenye ngozi. Nguzo ya pili ni niasinamaidi, yaani vitamini B3. Hii haiui seli wala haizuii mwili kutengeneza rangi. Inapunguza usafirishaji wa chembe za rangi kutoka kwenye seli zinazozitengeneza kwenda kwenye seli za juu. Pia inaimarisha ukuta wa ngozi, na ndiyo maana ngozi nyingi zinaivumilia.

Fomula ya gramu 100. Pimeni kwa mizani, jamani, si kwa kijiko:

Sehemu ya maji: maji yaliyotoneshwa (distilidi) 62.65, gliserini 4, niasinamaidi 3, gamu ya zanthani (ya kuipa uzito) 0.3, EDTA (ya kushika madini yanayoharibu losheni) 0.1.
Sehemu ya mafuta: mafuta ya alizeti 7, siagi ya shea 2, nta ya emalsifaya (inayoshikanisha mafuta na maji) isiyo na chaji 5, sitaili alikoholi 2.
Sehemu ya mwisho, losheni ikishapoa: asidi ya laktiki ya 80% gramu 6.25, myeyusho wa kostiki soda wa 20% kama gramu 6.4, kihifadhi, yaani fenoksiethanoli iliyochanganywa na ethilihexiliglisirini, 1, vitamini E 0.3.

Jumla 100. Gramu 6.25 za asidi ya 80% zinakupa asidi halisi gramu 5, yaani 5%. Kwa mtu anayeanza inatosha kabisa.

Sasa hapa ndipo wengi wanapopotea, naomba msome taratibu. Asilimia iliyoandikwa kwenye chupa haikuambii nguvu ya losheni. Kinachofanya kazi ni ile sehemu ya asidi iliyobaki huru, na hiyo inaamuliwa na pH, yaani kipimo cha ukali wa asidi: namba ikishuka, ukali unapanda. Kwenye pH 3.86 asidi ya laktiki hugawanyika nusu kwa nusu: nusu huru, nusu imezimwa. Ukiwa na losheni ya 5% kwenye pH 3.5, asidi huru ni kama 3.5%. Ukiipandisha hadi pH 4.0 inabaki kama 2.1%. Ukifika pH 5 umebaki na theluthi moja ya asilimia moja, hapo una losheni nzuri ya kulainisha lakini kuondoa ngozi mfu ni kidogo sana. Asilimia ni ile ile 5 kote!

Jopo la wataalamu wa usalama wa vipodozi la Marekani lilipitia asidi hizi mwaka 1998 na kuona ni salama kwa matumizi ya nyumbani zisipozidi 10% na pH isishuke chini ya 3.5, kwa sharti kwamba mtumiaji anakingwa na jua. Mimi nalenga pH 4.0 hadi 4.2. Losheni ya mwili inapakwa eneo kubwa, mara nyingi mtu ametoka kuoga au kunyoa, na tunaishi karibu na ikweta.

Utaratibu. Koroga zanthani ndani ya gliserini kwanza mpaka ilainike, ndipo umimine maji, la sivyo utapata mabonge yasiyoyeyuka. Ongeza niasinamaidi na EDTA. Pasha chombo cha maji na cha mafuta, kila kimoja peke yake, hadi nyuzi 70 au 75. Mimina mafuta kwenye maji, saga kwa blenda ya mkono dakika mbili tatu, kisha endelea kukoroga polepole mpaka ipoe chini ya nyuzi 40. Wakati huo, kwenye bika nyingine, mimina myeyusho wa kostiki kidogo kidogo kwenye asidi ya laktiki. Itapata joto, iache ipoe. Usitumie kostiki yote kwa mkupuo, bakiza kiasi cha kurekebishia. Changanya na losheni, weka fenoksiethanoli na vitamini E, pima pH, rekebisha.

Kostiki soda wanaotengeneza sabuni wanaijua: glavu, miwani, na soda ndiyo inayotiwa kwenye maji, kamwe maji yasimiminwe juu ya soda.

Kupima pH ya losheni: chukua gramu 1, koroga na gramu 9 za maji yaliyotoneshwa, ndipo utumbukize mita. Mita isahihishwe kwanza kwa bafa (vimiminika vyenye pH inayojulikana) ya 4 na ya 7. Vile vikaratasi vya rangi vinakupa makisio tu, na kati ya 3.5 na 4.5 ndiko tunakohitaji uhakika.

Maswali karibuni.

Kisiki_255

Mkuu umeeleza kama mwalimu. Nafuatilia.

MamaPacha_Moro

Asante sana kaka. Mimi natumia limao na sukari tangu usichana na ngozi yangu iko vizuri. Limao si asidi hiyo hiyo ya asili? Kwa nini nihangaike na makemikali?

Fundi_Losheni

Dada MamaPacha, nashukuru kwa swali, najua wako wengi wenye wazo hilo.

Juisi ya limao ina pH ya karibu 2. Kila namba moja ya pH ni mara kumi, kwa hiyo kutoka 4 hadi 2 ni mara mia. Hujui leo umekamua asidi kiasi gani maana kila limao na lake. Kubwa zaidi, ndimu na limao vina furokumarini. Hizo zikibaki kwenye ngozi kisha jua likapiga, ngozi inaungua, wakati mwingine malengelenge kabisa, halafu inabaki michirizi ya kahawia kwa wiki au miezi. Wauza juisi na wanaokamua ndimu juani wanaijua hiyo michirizi mikononi. Kama wewe umeipaka usiku na kuoga vizuri, ndiyo maana hujapata shida. Lakini usimshauri mdogo wako.

Sukari sina ugomvi nayo. Ile ya chembe ndogo inayeyuka ikikutana na maji, haikwaruzi kama maganda ya mbegu yaliyosagwa. Sukari sehemu mbili, mafuta ya nazi au alizeti sehemu moja, sugua kwa vidole vilivyolegea, mara moja kwa wiki. Usiku huo losheni ya asidi usiipake. Chota kwa kijiko kikavu, kwani maji yakiingia kwenye kopo utafuga ukungu.

NesiWaZamu

Naomba niongeze upande wa hospitali.

Weusi wa shingoni na kwapani unaoambatana na ngozi nene, laini kama mahameli, msiukimbilie kwa losheni. Mara nyingi ni dalili kwamba mwili unasumbuka na insulini. Ukiusugua hautoki, na kadiri unavyosugua unaongezeka. Kapime sukari na uzito. Nimeona akina mama wanaofika na shingo zilizochubuka kwa dodoki, ukipima sukari iko juu na walikuwa hawajui.

La pili, mkorogo. Humo mara nyingi kuna haidrokwinoni (kemikali ya kufifisha rangi), zebaki au steroidi kama klobetasoli, na pengine vyote vitatu. Zebaki inakwenda kwenye figo. Steroidi inakondesha ngozi mpaka mishipa inaonekana, na kidonda cha upasuaji kinashonwa kwa taabu. Haidrokwinoni ikitumika miaka inaweza kuleta weusi wa bluu-kijivu mashavuni ambao kuutoa ni kazi kubwa mno. Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, uliweka kikomo cha zebaki kwenye vipodozi kuwa sehemu moja kwa milioni, na mwaka 2023 nchi wanachama zikakubaliana kuondoa hata hicho kikomo, kusiwe na zebaki kabisa. Bado makopo yasiyo na anwani ya kiwanda yanauzwa.

Kama mtu yupo kwenye mkorogo sasa hivi, asihamie kwenye losheni ya asidi kesho yake. Ngozi iliyozoea steroidi ikiachishwa ghafla inawaka moto. Aende kliniki ya ngozi, aachishwe kwa mpango.

Fundi_Losheni

Nesi, Mungu akubariki. Mods kama mnaweza, hilo jibu liwekwe juu kabisa ya uzi.

BintiMkunazini

Assalaam alaykum. Nami nachangia kutoka Unguja.

Kwetu biharusi husingwa kwa singo siku kadhaa kabla ya harusi. Asumini, mawaridi, mlangilangi, mpompia, mrehani, karafuu, liwa, marashi ya mawaridi. Vinatwangwa na kukaushwa, kisha somo, yaani mwanamke anayemfunda mwali, anachukua kiasi cha kutosha siku ile, anarowanisha na kumsugua mwali mwili mzima mpaka taka zinatoka kwa vijinyuzi. Liwa nayo inasuguliwa juu ya msio (jiwe la kusugulia) kwa maji kidogo, unapata uji mweupe wa manjano, unapakwa na kuachwa ukauke.

Ninachotaka kuuliza: naweza kuitia singo ndani ya hii losheni niiuze kama kitu cha kwetu? Harufu yake haina mfano.

Fundi_Losheni

Wa alaykum salaam dada.

Singo yenyewe nakushauri uiache kama ilivyo: unga mkavu, unarowanishwa wakati wa kutumia. Wazee walikuwa na hekima kubwa hapo. Unga wa maua ukiutia kwenye losheni yenye maji unaingiza vijidudu na chakula chao kwa pamoja, na kihifadhi cha 1% kitalemewa. Rangi itageuka, harufu itachacha, baada ya wiki chache utaona madoa ya ukungu kwenye mdomo wa chupa.

Halafu karafuu. Yujenoli ya mafuta ya karafuu inawasha. Kwenye kitu kinachosuguliwa dakika kumi na kuoshwa ni jambo moja, kwenye losheni inayolala na ngozi iliyokwisha legezwa na asidi ni jambo jingine. Ukitaka harufu ya kwetu, tumia maji ya waridi yaliyohifadhiwa vizuri badala ya sehemu ya maji, au mafuta ya mlangilangi tone dogo, yasifike hata 0.2%, na uandike wazi kwenye lebo maana yako yanayowaletea watu mzio.

Biashara nzuri ninayoiona kwako ni vitu viwili kwa pamoja: pakiti ya singo kavu ya mara moja kwa wiki, na losheni isiyo na asidi yenye niasinamaidi 4% ya kila siku. Toa asidi na kostiki kwenye fomula, jaza pengo kwa maji, weka pH 5.5. Hiyo hata biharusi anaitumia asubuhi ya harusi bila wasiwasi.

BintiMkunazini

Ahsante, nimefahamu. Hilo la paketi mbili nimelipenda mno.

Mvita_001

Salaam ndugu zangu, niko Mombasa. Losheni yangu nilitumia kabomeri kuifanya nzito, ikawa safi sana. Nilipotia asidi ikawa maji tupu papo hapo, na siku ya pili mafuta yakaelea juu. Emalsifaya ilikuwa ya asidi ya steariki na TEA (triethanolamini). Tatizo ni nini?

Fundi_Losheni

Ndugu yangu wa Mvita, vyote viwili vinaanguka kwa sababu moja. Kabomeri inajikunjua na kuwa nzito pale tu asidi yake inapokuwa imezimwa; ukishusha pH inajikunja tena. Steariki na TEA zikikutana zinatengeneza sabuni, na hiyo sabuni ndiyo iliyokuwa inashika mafuta na maji. Ukitia asidi, sabuni inarudi kuwa steariki tupu, kwa hiyo hakuna tena kinachoshika.

Ndiyo maana nimeandika nta isiyo na chaji: ile ya sitostearili alikoholi na siteareti-20, au na polisobeti 60. Na zanthani badala ya kabomeri, haiyumbishwi na pH hii. Fomula hiyo ya kwako usiitupe kama haina kosa jingine: tengeneza mpya bila asidi, itumie kama losheni ya mchana.

Kisiki_255

Mkuu nina maswali mawili. Niongeze vitamini C ya unga na alfa-abutini ili ing'arishe zaidi? Na fenoksiethanoli huku mkoani sipati, naona vitamini E inauzwa kama kihifadhi.

Fundi_Losheni

Naanza na la mwisho. Vitamini E inazuia mafuta yasichache. Bakteria na ukungu haivigusi kabisa. Losheni yoyote yenye maji bila kihifadhi ni mtego.

Kama fenoksiethanoli haipo, tumia sodiamu benzoeti 0.5%, inapatikana kwa wauza malighafi za juisi na jemu. Inafanya kazi vizuri kwenye asidi, na losheni yetu ya pH 4 ni mahali pake hasa. Iyeyushe kwenye sehemu ya maji, na ukimaliza pima pH upya. Ukitumia hiyo, vitamini C usiitie: benzoeti na asidi ya askobiki vikikaa pamoja kwenye maji vinaweza kuzalisha benzini, jambo lililowasumbua sana watengeneza soda. Hata bila benzoeti, vitamini C ya unga kwenye maji inaoza haraka, losheni inageuka njano kisha kahawia ndani ya wiki chache.

Alfa-abutini: katika asidi inaweza kuachia haidrokwinoni taratibu, kile kile tunachokikimbia. Umoja wa Ulaya umeiwekea kikomo cha 0.5% kwenye losheni za mwili na 2% kwenye krimu za uso. Asidi ya kojiki nayo wameiruhusu hadi 1%, kwa uso na mikono tu. Ukiona mtu anauza losheni ya mwili mzima yenye kojiki 5%, kimbia.

Nasisitiza tena, tusirundike vitu. Niasinamaidi 3%, laktiki 5%, ngozi yenye unyevu, na kinga ya jua. Mtu akivumilia wiki nane hadi kumi na mbili anaona tofauti. Seli mpya zinahitaji wiki nne na zaidi kutoka chini hadi juu, na doa la miaka miwili halitoki kwa Jumamosi mbili.

MamaPacha_Moro

Kaka sasa nieleze matumizi kabisa, kama unavyomweleza mtu dukani.

Fundi_Losheni

Dada, hivi ndivyo ninavyowaeleza wateja.

Jaribu kwanza sehemu ndogo ya ndani ya mkono, karibu na kiwiko. Acha siku mbili. Ikiwa shwari, paka usiku, mara mbili kwa wiki kwa wiki mbili za mwanzo, kisha usiku mmoja unapaka, mmoja unapumzika. Mnyeo mdogo wa dakika moja mbili ni wa kawaida. Kuwaka, wekundu au kuwashwa hadi asubuhi si kawaida: osha, acha, rudi kwenye mafuta ya kawaida.

Usipake siku uliyonyoa, kwenye kidonda, sehemu za siri, wala kwa mtoto. Anayetumia tretinoini au dawa nyingine ya ngozi aliyoandikiwa amuulize daktari wake kwanza, na mjamzito vilevile.

Asubuhi sehemu zilizo wazi zipate sanskrini ya SPF 30 au zaidi, au nguo ya mikono mirefu. Asidi hizi zinaongeza uwezekano wa kuungua na jua, na mamlaka ya Marekani inashauri onyo hilo liwe kwenye lebo: kujikinga wakati wa kutumia na wiki moja baada ya kuacha. Mama ntilie, mwendesha bodaboda, mwalimu wa michezo, yeyote anayeshinda juani: nampa ile isiyo na asidi. Nimekosa mauzo kwa hilo na sijutii.

Mvita_001

Swali la kufungia. Nikitaka kuuza sokoni nianzie wapi? Na nitajuaje losheni yangu haitaharibika ikishafika kwa mteja?

Fundi_Losheni

Kwa Tanzania, usimamizi wa vipodozi ulihamia TBS (Shirika la Viwango) mwaka 2019 kutoka kwa iliyokuwa TFDA, mamlaka ya chakula na dawa. Mjasiriamali mdogo aanzie ofisi ya SIDO (shirika la viwanda vidogo) ya mkoa wake, wanamwelekeza hatua za kufika TBS. Kwenu Kenya ni KEBS, shirika la viwango la huko. Viwango vya vipodozi vya Afrika Mashariki viko kwenye mfululizo wa EAS 377, humo kuna orodha ya viambato vilivyokatazwa. Visomeni kabla ya kununua hata chupa moja.

Kuhusu kuharibika: kila unapotengeneza, weka kando chupa tatu. Moja kabatini, moja mahali pa joto la kama nyuzi 40, moja kwenye friji. Miezi mitatu. Kila wiki angalia rangi, harufu, kama mafuta yanajitenga, na upime pH. Zingatia sana wiki ya kwanza. Asidi ya laktiki ya 80% ina molekuli zilizoungana mbilimbili, na ukiizimua zinaachana polepole na kutoa asidi zaidi. Losheni uliyoiacha pH 4.0 jioni inaweza kuonyesha 3.8 baada ya siku kadhaa. Kwa hiyo subiri wiki, pima, rekebisha, ndipo ujaze chupa za kuuza. Ziwe za pampu, si makopo ya kuchovya vidole.

Lebo iandike viambato vyote, namba ya mzigo (losheni iliyotengenezwa kwa mkupuo mmoja), tarehe ya kutengeneza na ya mwisho wa matumizi, onyo la jua, na namba yako ya simu inayopokelewa. Mteja akipata shida akupigie wewe kwanza, na wewe uwe na chupa ya mzigo ule ule ya kuangalia.

Mvita_001

Shukran sana. Wiki hii naagiza siteareti na mita ya pH, nitaleta matokeo humu humu.